Tekla na Birika la Sufu

Wamesimulia waliotutangulia katika imani, Bwana awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Misri ya kale, enzi ambazo Wakristo walikuwa wachache na majirani wakiwatazama kwa jicho la pembeni, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Tekla. Wengine hukirefusha kisa hiki mpaka waumini wakasinzia. Mimi nakisimulia kama kilivyo, na atakayesinzia ajilaumu mwenyewe.

Tekla alifanya kazi katika karakana ya tajiri mmoja, Herakleo, mtu ambaye hakumwamini Kristo wala hakumchukia. Pale ndipo kitambaa cha sufu kilipotiwa ndani ya birika la mawe lenye maji ya moto na magadi, watu wakaingia na kukikanyaga kwa miguu mitupu mpaka nyuzi zishikane na kitambaa kiwe kizito. Kazi hiyo haikufanywa kimya. Ukingoni mwa birika alisimama manju akiimba, na miguu yote ilifuata sauti yake. Akiharakisha, wanaharakisha, akinyamaza, wanasimama. Na desturi ya mahali pale ilikuwa manju kumwimba kwa jina yule anayechelewa, ili aibu imsukume. Aliyeimbwa kuliko wote ni mzee Didimo, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Waliuimba mguu ule, wakamwimba na mkewe aliyemkimbia, watu wakacheka, kazi ikaenda.

Manju wa zamani alipofariki, nyapara wa karakana alimchagua Tekla, kwa kuwa mji mzima uliijua sauti yake. Kanisani alipoimba, hata shemasi alisahau kwamba zamu inayofuata ni yake. Tekla akakubali, akasema moyoni kwamba Mwenyezi Mungu hakumjalia koo lile kwa ajili ya Jumapili tu. Akaziacha kejeli na matusi. Akaimba sifa za Bwana pale pale birikani, katikati ya mvuke na harufu ya magadi.

Jambo jema kabisa. Ila Tekla aliimba vile vile alivyoimba kanisani, na watu wa kwaya mnajijua: mkishika sauti moja hamuiachii mpaka ijitetee yenyewe. Alifumba macho, akaivuta sauti, akaivuta tena, na wale waliokuwa birikani, ambao miguu yao haikujua kingine ila kumfuata manju, wakabaki na mguu mmoja hewani wakingoja. Wengine machozi yaliwatoka. Ilikuwa ibada nzuri sana. Kitambaa kikaharibika.

Kilipoanikwa kilionekana kinene hapa, chepesi pale, kimejaa mabonge kama uji uliokorogwa na mtu mwenye mawazo. Nacho kilikuwa cha kushonea majoho ya askari wa liwali. Nyapara hakutafuta mbali. Aliuona mguu wa Didimo, akasema sababu ndiyo hiyo, na kwamba bwana mkubwa akija mzee yule ataondoka siku hiyo hiyo. Didimo hakujitetea, maana kulaumiwa alishakuzoea. Lakini hakuna aliyekuwa hajui kwamba akitoka pale hana pengine pa kupokelewa, wala mtu wa kumpa hata kipande cha mkate.

Tekla alikitazama kitambaa, akaelewa. Mabonge yale yalikaa pale pale alipovuta sauti. Akamwendea mwenzake wa kazi, Eudokia, dada yake katika imani na mwepesi wa akili, akamweleza yote. Eudokia akamshauri anyamaze.

"Ukisema, nyimbo zitapigwa marufuku," akamwambia. "Watu wameanza kumsikia Bwana kwa sauti yako, dada, halafu uizime kwa ajili ya mzee ambaye hata kuomba haombi?"

Maneno yale yalikuwa matamu, tena yamevaa kanzu ya dini, na yakivaa hivyo ni kazi kuyafukuza. Wala tusimfanye Tekla malaika. Alipenda kusimama ukingoni pale. Alipenda kusikilizwa. Aliomba Mungu ampe jibu jingine zaidi ya kukiri, na hakupewa.

Herakleo alipofika alikiminya kitambaa kwa vidole, akauliza ni kazi ya nani. Nyapara akamsukuma Didimo mbele. Ndipo Tekla akashuka ukingoni.

"Bwana mkubwa, mguu wa mzee Didimo haukuchelewa. Ulifuata sauti yangu. Aliyechelewa ni mimi."

"Ulikuwa unaimba nini?"

"Sifa za Mungu wangu."

Herakleo alimtazama bila hasira. "Huyo Mungu wako," akasema, "hajui kwamba askari wanasikia baridi?"

Swali lile, inasemekana, lilimchoma Tekla kuliko adhabu yenyewe. Adhabu ilikuwa kuvuliwa umanju na kuingizwa birikani akanyage pamoja na wengine. Didimo akaachwa abaki.

Nafasi yake ikachukuliwa na Serapio, mtu wa mdomo, aliyezifufua kejeli zote na kupata nyama mpya. Alimwimba Tekla kuwa ni mtakatifu aliyeshuka kutoka mbinguni akatumbukia kwenye magadi. Watu walicheka sana, na haki isemwe, wimbo ulikuwa mzuri. Tekla akavumilia. Magadi yalimchubua nyayo, akazifunga vitambaa, akarudi kukanyaga bega kwa bega na Didimo.

Humo ndimo miguu yake ilipojifunza jambo ambalo koo lake halikulijua: pumzi hukatikia wapi, na mguu wa mzee huomba nafuu wakati gani. Akaanza kuimba chini chini, kwa ajili ya mtu mmoja tu. Sifa zilikuwa zile zile, ila fupi, zimekatwa kwa kipimo cha hatua za Didimo. Didimo akaacha kuchelewa. Wa jirani akaudaka wimbo, na wa pili yake naye, mpaka birika zima likawa linakwenda kwa hatua moja. Serapio akatafuta wa kumsuta, asimpate, na mwisho akaona heri aitikie. Kitambaa kikatoka sawasawa. Herakleo alikiminya, akasema waendelee vivyo hivyo. Hakuuliza nani aliyeimba, wala hakumrudisha Tekla ukingoni.

Wakiwa wanaosha miguu, Didimo alimwuliza, "Binti, kwa nini ulisema? Mimi kulaumiwa nilishazoea."

"Sauti ilikuwa yangu, baba. Ningeimba vipi tena mbele yako?"

Mzee akausugua ule mguu mbovu mpaka ukatakata.

"Basi nifundishe habari za huyo Mungu wako," akasema. "Ila kwa zile nyimbo fupi."

Enyi mliopewa karama, zipelekeni kazini, msiziache kanisani zikaota kutu. Lakini usihubiri dukani huku mteja amesimama na mzigo kichwani. Na kazi ya mikono yako ikimwumiza mwenzako, sema ni yako, hata kama ulikuwa ukiomba ulipoiharibu. Kristo hajawahi kuhitaji uongo wetu ili asikike.