Chumvi ya Mwajabu

"Tone la mwisho ni la bahari." Jana mlinisikia nikimwambia hivyo Rehani, alipozidi kumsuta mwenzake aliyekwisha kumwomba radhi, mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Basi ulianza hivi.

Mwajabu aliolewa kutoka milimani, akaja pwani kwa watu wanaopika chumvi. Huko bibi harusi huchemsha maji ya bahari mwenyewe, na chumvi atakayoipata ndiyo hutiwa kwenye wali wa wakwe. Hafundishwi na mtu wa ukweni. Akishindwa, huitwa Mletewa Chumvi mpaka uzeeni.

Mwajabu hakutaka kupoteza hata kidogo. Alichochea moto mpaka sufuria ikakauka kabisa, akaitia chumvi kikapuni. Asubuhi chumvi imevuta unyevu, kikapu kinachuruzika, na chumvi yenyewe ni chungu.

Wifi yake, Mwanatumu, akalamba, akatema. "Wifi, hii ya wali au ya kuharisha?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama mkwe, Bi Somoe, hakucheka. "Wali ni kesho," alisema tu.

Mwajabu akachota maji mengine. Safari hii alikaa na upawa, akionja kila maji yalipopungua. Kwanza ukatua unga mweupe kama chokaa, hauna ladha ya chumvi. Akauondoa. Kisha zikaja chembe za chumvi yenyewe, zinameta. Yakabaki maji machache, mazito. Akayaonja: yanashinda mwarobaini! Kumbe bahari si maji na chumvi tu. Imebeba vitu vingi, na kila kimoja hutoka kwa zamu yake. Uchungu hutoka mwisho.

Hapo hapo akaepua. Akaimimina chumvi kikapuni ichujike, na yale maji yaliyochujika akayapeleka ufukweni.

"We wifi, unamwaga na bado hayajakauka?" Mwanatumu akamjaribu.

"Changu nimeshachukua, wifi. Tone la mwisho ni la bahari."

Bi Somoe akamtazama sana. "Mwanangu, sisi mama zetu walituambia tuepue mapema, tukaepua. Kwa nini, hatukuuliza. Wewe umeiuliza sufuria, nayo imekujibu."

Kesho yake sinia zilirudi tupu, na aliyelamba vidole kuliko wote alikuwa Mwanatumu.

Sasa wewe Rehani, mwenzako ameshakuomba radhi. Hiyo ndiyo chumvi, ichukue. Ukizidi kumchemsha utapata uchungu, nao utaiharibu hata hiyo radhi uliyokwisha kupewa. Tone la mwisho ni la bahari.