Mshale Hai

Mdharau mwiba mguu huota tende. Waliotuachia methali hii hawakuwa na shida na miiba mikubwa, kwa sababu mwiba mkubwa kila mtu huukwepa. Walikuwa wakimsema yule anayeuona mwiba mdogo, akaucheka, akaukanyaga, kisha kesho yake akashangaa mguu kuvimba kama gogo. Kisa hiki ni cha mwanamume ambaye mwiba wake haukuwa hata mwiba. Ulikuwa tope la mdudu lisilojaza kijiko cha chai.

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa lifti. Mwaka mzima kazi yake ilikuwa kupanda na kushuka ndani ya sanduku lililofungwa kamba za chuma, kwa hiyo likizo ikifika alitaka kupanda pasipo kamba. Alikuwa amesomea urubani katika klabu ndogo nje ya mji, akapata leseni, na tangu hapo kila likizo alionekana pale na miwani nyeusi na koti la ngozi, hata jua likiwaka utosini. Wanaklabu walimbandika jina la Kapteni Likizo. Yeye akalipokea kama cheo.

Klabu yenyewe ilikuwa banda la mabati, uwanja wa nyasi zilizokatwa vizuri kuliko nywele za wanachama, ndege mbili na mwalimu mmoja, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo. Mwalimu huyo alikuwa na sheria zake. Kabla ya kuruka, rubani aizunguke ndege akiigusa kila sehemu kwa mkono, kwa kuwa macho hudanganya. Na ndege inapokimbia ili iruke, rubani auangalie mshale wa kasi. Ukianza kupanda, atamke kwa sauti: "Mshale hai." Usipopanda, asimamishe ndege papo hapo.

Mshale huo hupata habari zake kutoka kwa mrija mwembamba chini ya bawa, unaopokea upepo. Ndege ikilala, mrija huvishwa kifuniko chenye utepe mrefu mwekundu ili wadudu wasiingie. Alasiri moja Kapteni Likizo alitaka kupigwa picha na ndege. Utepe ule ukawa unapepea mbele ya uso wake kama ulimi wa mzaha, basi akauvua pamoja na kifuniko chake, akautia mfukoni mwa koti, akatabasamu. Picha ilipendeza. Kifuniko hakikurudi.

Kesho yake asubuhi ilikuwa siku yake kubwa. Alikuwa amemwalika mama mkwe wake, mkunga mstaafu, mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa mji ule na asiyebabaishwa na mtu. Mkewe aliwasindikiza hadi kwenye ndege, mikono kifuani.

"Mume wangu, huyo ni mama yangu na sina mwingine," alisema. "Umrudishe kama ulivyomchukua."

"Nitamrudisha akiwa mdogo kwa miaka kumi," alijibu Kapteni.

Alianza kuizunguka ndege. Lakini kuigusa-gusa mbele ya mkwe aliona kutamfanya aonekane kama mwanafunzi anayerudia darasa. Akapita haraka, akiipiga ndege makofi mepesi kama anayenunua ng'ombe. Mama mkwe, aliyekuwa akimfuata nyuma na mkoba wake, akainama chini ya bawa.

"Baba, hiki kidude kimezibwa na tope."

Kapteni alitupa jicho. Nyigu alikuwa ameziba mdomo wa mrija kwa udongo laini, kazi safi kabisa.

"Vumbi tu hilo, mama. Upepo utalipeperusha tukiwa juu. Mdudu hawezi kuangusha ndege."

Na haya aliyasema mtu ambaye kazini huwagombeza wapangaji kwa kuangusha kokoto kwenye reli ya mlango wa lifti. "Kokoto moja," huwaambia, "na ghorofa nzima mnapanda kwa miguu."

Wakafunga mikanda. Injini ikanguruma, nyasi zikaanza kukimbia kinyumenyume. Kapteni aligeuza uso dirishani, akampungia mkewe mkono, na kwa mazoea, kama mtu anayeitikia salamu bila kuisikia, akatamka:

"Mshale hai."

Magurudumu yakaiacha ardhi. Miti ya mwisho wa uwanja ikapita chini yao. Mama mkwe alitazama saa zote za vipimo mbele yake, kisha akauliza kwa upole:

"Huo uliosema u hai, mbona umelala?"

Kapteni alitazama. Mshale wa kasi ulikuwa kwenye sifuri, umetulia kama paka jikoni. Akakigonga kioo chake kwa kidole. Akakigonga tena. Jasho jembamba likamtoka, na koti la ngozi likawa jiko. Kurudi chini kulimhitaji ajue kasi. Akienda polepole mno, ndege ingedondoka kama embe. Akienda mbio mno, uwanja ungeisha kabla yake, na baada ya uwanja kulikuwa na mtaro, na baada ya mtaro, miti.

"Mwalimu," alisema kwenye redio, sauti imekauka. "Mshale wa kasi haufanyi kazi."

"Ulitamka nini ulipokuwa unakimbia?"

Kimya.

"Mrija uliushika kwa mkono?"

Kimya kingine. Pale chini, mkewe alikuwa amesimama kando ya mwalimu na alisikia vimya vyote viwili.

"Basi nisikilize," alisema mwalimu. "Ndege haijui kama mshale umelala. Inaruka vilevile. Zunguka uwanja. Punguza injini mpaka mlio ule tuliozoea wa kutua. Pua iwe chini kidogo ya upeo wa macho, kama kiganja kimoja. Na usikilize upepo kwenye kioo. Ukianza kunyamaza, unakaribia kuanguka."

Kapteni alizunguka.  Aliushukia uwanja kwa hofu ya kuanguka, na hofu ikamsukuma mbio. Nyasi zilipita chini yao bila kuguswa, nusu ya uwanja ikaisha, mtaro ukaja.

"Umechelewa. Nyanyuka," ilisema redio.

Akasukuma injini yote. Miti iliinuka mbele ya kioo, majani yakaonekana moja moja, kisha yakazama. Mama mkwe aliukumbatia mkoba wake.

"Mama, nisamehe," alisema Kapteni.

"Msamaha tutauzungumza chini. Sasa pumua. Puani, halafu mdomoni. Nimeona wengi waliodhani hawatafika, na walifika. Sikia sauti ya mwalimu wako tu. Na usisukume kabla hujaambiwa."

Akapumua. Mara ya pili alizunguka mbali zaidi. Akapunguza injini, akaiweka pua, akatega sikio. Upepo ulivuma, ukapoa, ukawa mnong'ono. Kila kiungo chake kilitaka kuongeza mwendo.

"Bado," alisema mwalimu. "Bado. Iache. Sasa nyanyua pua, taratibu."

Magurudumu yakagonga, yakaruka, yakagonga tena yakashika. Kapteni alikanyaga breki kwa nguvu zote za mguu wa kulia. Ndege ikateleza juu ya nyasi, mwendo ukapungua, ukapungua, lakini uwanja nao ulikuwa umepungua. Gurudumu la mbele likaingia mtaroni kwa mlio wa kuni kavu zikivunjika. Propela ikalima udongo, ikasimama. 

Mama mkwe alishuka mwenyewe, akajikung'uta sketi. Hakuwa na hata mchubuko. Kapteni alipokanyaga chini, alikaa. Kifundo cha mguu kilikuwa kimejipinda kwenye breki, na tayari kilikuwa kikifura.

Mkewe alifika akikimbia, akampita, akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Mwalimu alichuchumaa chini ya bawa, akachokoa mrija kwa kijiti. Udongo ukamwangukia kiganjani, mwepesi kama punje ya mahindi. Akamwonyesha Kapteni. Hakukuwa na haja ya kumwambia kwamba likizo ile, na nyingine kadhaa, atazipitisha chini.

Mkunga naye alikuwa amekwisha kupiga magoti mbele ya ule mguu uliovimba kama papai.

"Kuna kitambaa cha kuufunga?" aliuliza.

Kapteni akajipapasa, akaingiza mkono mfukoni, akavuta. Ukatoka utepe mwekundu, mrefu, na mwisho wake kifuniko kidogo kinaning'inia. Wote wanne wakakitazama. Mama mkwe aliupokea, akauzungusha kifundoni mara kadhaa, akaukaza mpaka mkwe wake akauma mdomo.

"Huu ulikuwa na kazi moja tu, baba," alisema akifunga fundo. "Sasa umepata ya pili."

Kapteni Likizo alitazama mguu wake, ukizidi kutuna ndani ya ule wekundu, na safari hii akatamka alichokiona: mdharau mwiba mguu huota tende.