Pua ya Mama Ladha

Maradhi hayana haya. Mwenye haya ni mgonjwa. Huyafunika, huyapaka manukato, huwaambia majirani hajambo, na maradhi yenyewe yamekaa kitako yanangoja siku ya kujitangaza. Siku hiyo ikifika, hayachagui hadhira. Mpishi mmoja wa televisheni aliijua methali ihusuyo jambo hili tangu alipokuwa shuleni. Lakini kuijua methali ni kitu kimoja, na kuisikiliza ni kitu kingine.

Watazamaji walimwita Mama Ladha. Alianza kwa kuuza chakula kwenye kibanda nyuma ya gereji, akapanda hadi jikoni mwa hoteli moja kubwa, kisha kituo cha televisheni kikamchukua kwa sababu alikuwa na mikono myepesi na mdomo usiokauka maneno. Katika kila kipindi alikuwa na jambo lake moja. Alifunua sufuria, akafumba macho, akainama kama mtu anayenong'onezwa siri, akavuta harufu, kisha akasema, "Pua haidanganyi!" Msemo huo ulienea kama moto wa nyika. Makondakta waliusema, walimu waliusema, hata watoto waliokataa uji waliwajibu mama zao, "Pua haidanganyi." Jina likakua, mshahara ukakua, na pua ikawa mali.

Kisha pua ikaanza kuziba upande mmoja. Alidhani ni mafua. Akajifukiza, akanywa tangawizi, akajipaka dawa ya kuchua mpaka macho yakamwasha. Upande wa pili nao ukaziba. Asubuhi moja maziwa yaliungua mpaka sufuria ikawa nyeusi kama lami, naye amesimama hatua mbili tu anachambua mchele. Mumewe alitoka bafuni mbio, povu la sabuni masikioni.

"Mama watoto! Nyumba inaungua na wewe umesimama hapo?"

"Nilikuwa na mawazo," akajibu.

Mume alipoondoka, alimimina mdalasini kiganjani, akaupeleka puani. Hakusikia kitu. Akakata kitunguu. Hakusikia kitu. Akafungua chupa ya siki na kuvuta kwa nguvu. Machozi yalimtoka, lakini pua ilikaa kimya kama ukuta. Akakaa chini, kisu mkononi.

Mtu mmoja tu aliambiwa: mdogo wake, aliyekuwa msaidizi wake katika kipindi.

"Nenda hospitali, dada," mdogo mtu alisema palepale.

"Ili kesho niwe gazetini? Mpishi asiye na pua ni kama kinyozi asiye na mikono. Nani atampelekea kichwa?"

"Basi jifunike uso uende."

"Sura hii? Hata nikivaa gunia watanijua. Utanisaidia, au utanihubiria?"

Akamsaidia. Damu nzito kuliko maji. Yeye ndiye aliyeonja na kunusa, kisha akatoa ishara: akigusa hereni ya kulia, chumvi imepungua, ya kushoto, imetosha, akijikuna shingo, epua haraka. Mbele ya kamera Mama Ladha aliendelea kufumba macho na kuinama juu ya sufuria asiyoijua ina nini. Mdogo wake akitaja daktari, alikataa katakata kumsikiliza. Kichwa kilianza kumuuma nyuma ya jicho la kulia, akanunua vidonge.

Ishara zile zilianza kuonekana. Mtazamaji mmoja aliandikia kituo akiuliza kama yule msaidizi ana kunguni masikioni. Watu walicheka, lakini Mama Ladha hakucheka. Aliamuru mdogo wake ahamie chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, amnong'onezee kupitia kisikizi cha sikioni. Vyakula wangevijaribu nyumbani kwanza.

"Dada, niache nikae ndani," mdogo mtu alisihi. Alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa imemtia pua ya paka. "Siku hizi nasikia soksi za fundi wa taa kabla hajafika mlangoni."

"Sauti yako itanifikia. Inatosha."

"Sauti itapita. Harufu haipiti kwenye kioo."

"Acha maneno mengi. Wewe mimba inakupa wasiwasi."

Wakati huo kiwanda cha viungo kilikuwa kimeandaa pakiti mpya, na juu ya kila pakiti kulikuwa na picha ya pua yake. Mkataba ulikuwa mezani, lakini haujatiwa saini. Ungetiwa saini mbele ya watazamaji, katika kipindi cha moja kwa moja, baada ya Mkurugenzi wa kiwanda kuingia jikoni na kushuhudia jiko likiwashwa. Kama siku hiyo ingeharibika, pua na jina vingekwenda pamoja. Mama Ladha alilijua hilo, na hofu hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo.

Jiko la studio lilikuwa chumba kidogo kilichozibwa kwa sponji kila ukuta ili kelele zisiingie. Mlango wake ulikuwa mnene kama wa benki. Kamera ziliendeshwa kutoka chumba cha mitambo, na feni ya kuvuta moshi ilizimwa kwa sababu ingenguruma kipindini. Kabla ya kuanza, Mama Ladha alibandika sufuria ndogo ya maji ya tangawizi kulainisha koo, kisha akaitwa kupakwa poda na kubandikwa kinasa sauti kwenye aproni. Huku nyuma maji yakachemka, yakafurika, yakauzima moto. Gesi haikuzimika. Aliporudi alikuta maji yana moto lakini jiko halina moto, akadhani kuna mtu amefunga. Akanywa tangawizi yake, akaiweka kando ile sufuria. Mtu mwingine yeyote angerudi nyuma palepale mlangoni.

Kipindi kikaanza. Alipanga viungo kwenye bakuli, akavisifu kimoja kimoja, akainama, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. "Pua haidanganyi!" Kichwa kilimzunguka kidogo. Akazilaumu taa.

"Sasa mgeni wetu!" alitangaza, kiwashio mkononi.

Mkurugenzi aliingia akitabasamu. Mlango ukajifunga nyuma yake, tabasamu likamtoka. Akaziba pua kwa tai.

"Mama, humu mna gesi."

Mama Ladha akacheka sana. Alidhani ni mzaha wa kunogesha kipindi. "Mkurugenzi jamani! Hiyo ni iliki yako mwenyewe!"

"Gesi, mama! Usiwashe!"

"Pua haidanganyi!" akasema, akabonyeza kiwashio.

Tak! Hakikuwaka.

Mkurugenzi alimrukia, akamkamata kifundo cha mkono. Wakavutana mbele ya kamera, yeye akikiomba kiwashio, mwenyeji akitabasamu kwa ajili ya watazamaji na kusema huku ameuma meno, "Niachie, unaniharibia kipindi." Nyuma ya kioo mdogo wake alikuwa ameiona ile tai puani. Hakupoteza muda kunong'ona kwenye kisikizi; alikimbia, tumbo mbele, akausukuma ule mlango. Harufu ilimpiga usoni kama gunia lenye maji. Akamshika dada yake aproni, akamburuta nje kama mbuzi anayekataa kuvuka mto.

Waliposimama ilikuwa kwenye maegesho ya magari. Jengo zima lilikuwa limetoka. Mkurugenzi aliketi kwenye ukingo wa barabara, tai ingali puani.

"Umechanganyikiwa?" Mama Ladha alifoka. "Mkataba! Mbele ya watu wote!"

Mdogo wake alimzaba kofi. Katika maisha yake yote hakuwahi hata kumjibu dada yake kwa ukali. Watu walishika vinywa.

"Umesimama ndani ya gesi unanusa iliki!" alilia. "Huna pua, dada! Mwaka mzima huna pua, na mimi nakuficha! Ungetuua wote. Mimi na huyu aliye tumboni!"

Ndipo fundi wa sauti alipomsogelea Mama Ladha taratibu, kama anayemkaribia nyoka, akaonyesha kifuani kwake. Kwenye aproni kitaa chekundu cha kinasa sauti kilikuwa bado kinawaka.

Chumba cha mitambo kilikimbiwa, hakuna aliyekumbuka kukata matangazo. Watazamaji walikuwa wakitazama jiko tupu, bakuli za viungo zimepangwa vizuri, na juu ya picha hiyo walikuwa wamesikia kila neno. Mumewe alikuwa sebuleni, sahani mapajani. Ndipo alipoyajua yale "mawazo" ya siku ya maziwa.

Yeye ndiye aliyempeleka hospitali, bila kumuuliza. Daktari alitazama picha za kichwa kwa muda, kisha akavua miwani.

"Ni uvimbe. Ungekuja ulipoanza, tungeuondoa na ungerudi kunusa. Sasa umekula mfupa, umefika karibu na jicho. Nitauondoa, utaishi. Lakini harufu, mama, isahau."

Walimfanyia upasuaji, akaishi. Kiwanda kilichoma pakiti zote zenye pua yake. Kipindi kilipewa mtu mwingine, na msemo wake ukageuka kejeli: mtu akiongopa tu, wenzake humwambia, "Pua haidanganyi."

Mdogo wake alipojifungua, alimwekea mtoto mapajani. Mama Ladha aliinama juu ya utosi wa mtoto, akafumba macho kwa mazoea, akavuta pumzi ndefu.

"Ananukiaje?" aliuliza polepole.

Mdogo wake aliangalia pembeni. "Ananukia maziwa, dada. Maziwa mabichi."

Mama Ladha alitikisa kichwa, akamrudisha mtoto kwa mama yake. Kwake kifo kilifika mlangoni tu, hakikuingia. Lakini pale mlangoni kilimwita kwa jina, na watu wote wakasikia. Mficha maradhi kifo humuumbua.