Panya wa Kanga Sitini

Sogeeni kivulini, foleni bado ndefu na miguu yangu inawaka moto. Mmeniuliza, tena wote kwa mpigo, kwa nini chanjo ya malaria ilichukua miaka mingi hivyo, na hao wataalamu walikuwa wanafanya nini. Mimi nimepima uzito watoto arobaini tangu asubuhi, mambo ya damu na vijidudu sina nguvu ya kuyachambua. Nitawapa kisa cha Panya. Mwenye akili atajijazia.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama walikuwa na nyumba zao, wakifagia nyua na kununiana na majirani kama sisi, aliishi mjane mmoja, Nyati. Kutwa alikuwa shambani. Maziwa ya mtoto aliyaacha jikoni, katika vyungu tisa vyekundu vilivyopangwa juu ya uchaga. Kila chungu kilikuwa na kifuniko cha mti, kimezibwa kwa nta pande zote. Ndama alikunywa humo, akapata nguvu humo, na vyungu vikipungua naye alipungua.

Panya alikuwa akija masika, mvua zikishakolea. Alikuwa mdogo hata akisimama wima hafiki kwenye kwato ya Nyati. Aliingia jikoni, akafungua chungu, akazama ndani, akanywa, akazaa humo humo watoto kumi na sita. Kisha, pwaa! Chungu kinapasuka, maziwa chini, na Panya na wanawe wanachomoka kuelekea majanini, chururu, kujifunza kazi ya mama yao.

Masika ya kwanza Nyati alizika ndama. Masika ya pili akazika mwingine. Sasa alikuwa na Mwasiti tu, ana miezi mitano, macho makubwa na shingo bado laini. Nyati aliwaambia jirani zake kwamba huyu naye akienda, yeye hazai tena, wala uwanja hafagii tena. Hakulia alipokuwa akisema. Machozi yalikuwa yamemwisha.

Basi akawaweka walinzi wawili langoni, Tembo na Kifaru. Kifaru alikuwa haoni vizuri lakini alikuwa mkali, na Tembo alikuwa na sifa ya kukumbuka. Nikishamwona mtu mara moja, alikuwa akisema, hata akirudi mzee nitamjua. Na ni kweli, jamani, Tembo hakuwa mwongo. Tatizo lake nitawaambia.

Masika yalipokolea, Panya akaja. Akafika langoni mchana, jua kali, amejitanda kanga ya korosho, upindo wa kanga ameushikilia mdomoni kama mwanamke mwenye haya.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba," akajibu Tembo, akampisha.

Mngemlaumu? Mgeni anayeamkia vizuri hafukuzwi, hiyo ndiyo desturi tuliyolelewa. Dakika chache baadaye, pwaa! Tembo akamwona Panya akitoka mbio na kanga yake ya korosho, na ile kanga ikamkaa kichwani moja kwa moja.

Jikoni kwa Nyati, chini ya dari, alikaa Nyigu, fundi wa udongo. Mnamjua Nyigu, kiuno chembamba kuliko majivuno yake. Alimwonea Nyati huruma, akamfinyangia sanamu ya Panya, akaivisha kitambaa cha korosho. Walinzi wakaonyeshwa sanamu ile mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, hata wakawa wanaiona wakifumba macho. Kifaru aliichapa pembe mara kadhaa kwa mazoezi.

Panya akaiona sanamu kwa mbali, amejibanza nyuma ya kichuguu. Akacheka, akarudi kwake, akafungua kasha. Mlitaka kujua tatizo la Tembo ni nini? Ndani ya kasha lile mlikuwa na kanga sitini, na hakuna hata mbili zilizofanana. Tembo aliikumbuka kanga aliyoiona. Ile asiyoiona angeikumbukaje?

Siku ya pili Panya akaja na kanga ya manjano iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone." Tembo akaisoma kwa sauti, akaipenda. Akambebea kikapu mpaka mlangoni.

Pwaa! Vikabaki vyungu saba, na Mwasiti akaanza homa. Leo anatetemeka, kesho nafuu, keshokutwa anawaka tena. Mama yake akawa anakaa naye shambani chini ya mti, jembe limelala pembeni, anampepea kwa kipande cha ukili wa mkeka.

Nyigu akafinyanga sanamu ya pili. Panya akabadili. Akafinyanga ya tatu. Panya akabadili. Sitawahesabia zote, mtachoka na mimi nimeshachoka. Ikafika mahali langoni pamejaa sanamu za kila rangi, Tembo anachanganyikiwa, Kifaru anapiga chochote chenye maua. Wakamtupa nje Digidigi, wifi yake Nyati, aliyekuja na uji wa mgonjwa, ati kanga yake inafanana na sanamu ya nne. Wakati wanamtupa, Panya alipita kando yao, akawapa pole kwa kazi ngumu.

Vyungu vikabaki vinne.

Jioni ile Nyati alimkuta Nyigu anachanganya udongo tena. Akasimama mlangoni, mwili mkubwa lakini mabega yameanguka.

"Fundi, acha," akamwambia. "Umehangaika vya kutosha. Mimi sitaki sanamu nyingine. Kila unapomaliza moja, napoteza chungu."

Nyigu hakubisha. Na yeye mabawa yalimuuma. Akasema atafinyanga chungu tu, badala ya vile vilivyovunjika, maana mtoto hawezi kulala njaa kwa sababu fundi ameshindwa. Nyati akaenda kumlaza Mwasiti.

Sasa, mfinyanzi hafinyangi chungu kwa udongo mtupu. Hutwanga vigae vya zamani, akachanganya unga wake, ili chungu kisipasuke motoni. Asubuhi Nyigu akaenda nyuma ya jiko. Huko Nyati alikuwa amerundika vigae vya miaka yote mitatu, vya Mwasiti na vya wale wawili waliotangulia. Hakuwa na moyo wa kuvitupa. Nyigu akakaa juu ya rundo, akaanza kuchagua, kigae kimoja kimoja.

Akaokota kipande cha mdomo wa chungu. Kilikuwa na michirizo miwili ya meno, mmoja umenyooka, wa kushoto umepinda kidogo. Akaokota kingine. Michirizo miwili, wa kushoto umepinda. Akatafuta kigae cha masika ya kwanza, kimeota ukungu. Michirizo miwili, wa kushoto umepinda.

Akavipanga chini, kimoja kando ya kingine.

"Nimekuwa mjinga," akasema peke yake. "Nimefinyanga nguo, nikamwacha mwizi."

Akamwita Nyati. Akamweleza kwamba nta ile ni ngumu, haifunguki kwa kucha wala kwa mkia, inafunguka kwa meno yale tu, na lile lililopinda ndilo linaloingia chini ya kifuniko na kukinyanyua. Kanga Panya anaweza kubadili kila siku. Meno hayana kasha.

"Akiyachonga je?" akauliza Nyati. Alikuwa amezoea kushindwa, kila habari njema aliigeuza kutazama upande wa pili.

"Akiyachonga hafungui chungu."

"Mbona Tembo hajawahi kuyaona?"

"Langoni anajiziba mdomo. Anayatoa akiwa ameshafika kwenye chungu, tena kwa muda mfupi, kama kupiga chafya. Tembo hata akiyajua, mpaka ageuke, mwizi ameshazama."

Basi Nyigu akafinyanga kitu kidogo sana, hakina mkia, hakina masikio, hakina kanga. Mdomo tu, na meno mawili. Tembo alipokiona alidharau, akasema yeye halindi nyumba kwa kutazama meno, na mlango wa jikoni wenyewe haumtoshi. Hapo alisema kweli. Nyigu akawaita dada zake watatu, akawaonyesha meno, mara tatu kama ilivyo ada, akawapanga kwenye midomo ya vyungu.

Watatu kwa vyungu vinne. Mnajua kuhesabu nyinyi. Panya akaja na kanga ya zambarau, Tembo akampisha, akaingia na kwenda moja kwa moja kwenye kile cha nne.

Pwaa!

Usiku huo Mwasiti hakushika ziwa wala kikombe. Nyati alikaa naye akimpepea, na Nyigu hakuthubutu kushuka darini. Alisikia pumzi za yule mtoto, fupi fupi, na pumzi za mama, ndefu. Kulipokucha akaruka kwenda kijiji kizima, kila dari, kila pango la mti, akawaita shangazi, binamu, hata wale waliokosana naye mwaka juzi. Wakaja wengi. Waliokuwa wagumu kuelewa walionyeshwa meno mara ya nne. Juu ya kila chungu, katika vile vitatu vilivyobaki, wakakaa duara nzima, bega kwa bega, macho kwenye nta.

Siku ya tatu Panya akarudi. Safari hii alikuwa na kanga ya kijani, mpya, bado inanukia duka. Tembo akaisifu. Panya akapenya jikoni, akapanda uchaga, akaona nyigu wametulia, hawamtazami usoni wala hawajali kanga yake. Akawaamkia kwa heshima, hawakuitikia. Akadhani wamelala. Akashusha upindo wa kanga, akafungua kinywa, akalipeleka lile jino lililopinda chini ya kifuniko.

Krt.

Hakufika krt ya pili. Walimrukia wote mdomoni, chwi, chwi, chwi! Ufizi ukavimba, mdomo ukafura, jino likakwama kwenye nta. Panya akajivuta, akaanguka, kanga ikabaki imening'inia uchagani, naye akatoka mbio uwanjani hana nguo hata moja. Akapita chini ya tumbo la Tembo. Tembo akamtazama mpaka akapotea majanini.

"Nani yule?" akamuuliza Kifaru.

Kifaru hakujua. Hakuwahi kumwona.

Nyati alirudi kutoka shambani na Mwasiti, jua likiwa juu. Akahesabu vyungu, akahesabu tena. Vitatu. Akagusa nta ya kila kimoja kwa pua.

"Atarudi?" akauliza.

"Atarudi," akasema Nyigu. Hakutaka kumdanganya. "Ana watoto, na watoto wana meno kama yake. Siku nyingine atatupita. Ila hatapita kila siku kama zamani."

Nyati akakubali kwa kichwa. Hakupiga vigelegele, hakuwa navyo. Akafungua chungu, akammiminia Mwasiti, akamshikia kikombe kwa sababu shingo ilikuwa bado dhaifu. Mtoto akanywa polepole, akamaliza, akalamba ukingo. Kisha akamwangalia mama yake.

"Mama, niongezee."

Nyati alikuwa amezaa watatu, na neno hilo hakuwahi kuambiwa. Akakaa chini pale pale jikoni, katikati ya vigae, akalia mpaka akachoka, halafu akainuka akamwongezea.

Basi hao wataalamu mliowauliza, miaka yote hiyo walikuwa juu ya rundo la vigae, wakitafuta meno. Mwenye nguo nyingi usimtambue kwa nguo. Mtambue kwa kile asichoweza kukivua.