Majivu ya Nsamila

Nyasi za milima ya Ilolele hazikuwa zikiamka nyeupe hapo kale. Kipupwe kilikuja kila mwaka kama kinavyokuja sasa, na baridi iling'ata masikio ya watu na ya ng'ombe, lakini asubuhi nyasi zilikuwa kijani, zenye umande tu. Sakitu, umande ule unaoganda ukawa mweupe, haikuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona.

Siku hizo, Kipupwe kilipoingia, kila nyumba ilizima moto wake. Watu walizoa majivu ya mwaka mzima, wakayamwaga mashambani, kisha wakaenda kwa Nsamila, mwanamke aliyepekecha moto mpya. Kila mmoja alibeba kigae chenye mavi makavu ya ng'ombe, akapewa kaa moja. Kwa siku tatu moto ulitoka mkononi mwa Nsamila peke yake. Jirani aliyempa jirani moto kabla ya siku hizo kwisha aliaminiwa kuwa ameita maradhi mlimani.

Nsamila alikuwa na binti wawili. Mdogo, Sekela, alikaa naye na kumkusanyia kuni. Mkubwa, Tumwene, alikuwa ameolewa na mchuuzi wa chumvi ambaye mama yake hakumtaka, akahamia nyumba ya peke yake ng'ambo ya bonde. Siku ya kuondoka waligombana, na Tumwene akasema mbele ya watu, "Moto wako hautaivisha chakula changu tena." Tangu hapo hawakuonana.

Mwaka ule watu walikuja kama kawaida. Mzee Mwigane alinyoosha kigae chake chenye ufa akasema, "Nsamila, leo nipe kaa lenye nguvu. La mwaka jana lilikuwa vivu, mke wangu akanilisha viazi vibichi mpaka masika." Watu wakacheka, hata Nsamila. Lakini Sekela alikuwa akitazama njia ya bondeni. Jioni ilifika, na Tumwene hakuonekana.

"Mama, dada hajaja."

"Kwani miguu yake imeliwa na fisi?" Nsamila akajibu. "Anaijua njia. Aje mwenyewe."

"Labda anaona haya."

"Mimi nimzae, kisha nimfuate kumbembeleza? Hapana, mwanangu."

Siku ya pili Sekela aliiba kaa, akalifunika kwa majivu ndani ya kigae, akashuka mpaka kwenye kijito. Moshi mwembamba ukamsaliti. Mama yake alisimama juu ya kilima akaita mara moja tu, "Sekela! Rudisha." Sekela angeweza kuvuka, maana maji yalikuwa ya magoti. Alisimama pale, kigae kikimchoma vidole, kisha akageuka, akarudi.

Asubuhi ya tatu alipita mkata mianzi aliyetoka ng'ambo. Aliomba maji, akanywa, akapangusa midomo.

"Hongera, bibi," alimwambia Nsamila. "Juzi nilisikia kichanga kikilia kwa binti yako. Kina sauti, kile! Jana sauti ilikuwa imepungua. Nadhani kimezoea dunia."

Kibuyu kilimwanguka Nsamila. Hakuwa amejua hata kwamba Tumwene ana mimba. Na ni yeye mwenyewe aliyewafundisha binti zake kwamba mzazi havuki kizingiti mpaka kitovu cha mtoto kikatike. Tumwene alikuwa ameshika yote aliyofundishwa: moto ameuzima, na kizingiti hakivuki. Mumewe alikuwa safarini na chumvi yake, na hapakuwa na wa kumtuma.

Nsamila alitia makaa kwenye kigae, akakimbia, Sekela nyuma yake. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, kama wa mtu anayesubiri mgeni. Mafigani kulikuwa kumefagiwa, na kuni zimepangwa tayari. Tumwene alikuwa amelala kando ya mafiga, amejikunja. Nguo zake zote alikuwa amemviringishia mtoto. Mtoto alikuwa hai. Tumwene alikuwa amepoa tangu usiku.

Nsamila aliwasha kuni zile. Aliketi akimsugua binti yake miguu mpaka jua likapanda, na Sekela hakuthubutu kumwambia aache.

Walimlea yule mtoto wa kike, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa safari, wakamwita Tusekile. Na kila alfajiri ya Kipupwe Nsamila alitoka na kapu la majivu, akayanyunyiza toka mlangoni kwake, akavuka kijito, mpaka kwenye mlango wa nyumba ile tupu. Tusekile alipoanza kusema aliuliza, "Bibi, unamwaga nini?"

"Njia," alisema. "Mama yako aione. Ajue iko wazi."

Nsamila alifariki wakati wa masika. Kipupwe kilichofuata, Sekela aliamka alfajiri akafungua mlango, akashika mwimo. Bonde zima lilikuwa jeupe, toka kizingiti chake mpaka ng'ambo, na hapakuwa na nyayo za aliyemwaga. Tusekile alimponyoka, akachota kwa kiganja, akashtuka.

"Mama mdogo," akasema, "majivu ya Bibi yamepoa."

Sekela, ambaye sasa ndiye aliyepekecha moto mpya badala ya mama yake, alitia kaa kwenye kigae. Mwaka ule alikuwa amekosana na mke wa Mwigane kwa sababu ya mbuzi. Akakanyaga ule weupe, akaenda kubisha hodi kwake kabla hajawasha moto wa mafiga yake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo, milimani Ilolele sakitu hushuka kila Kipupwe, ikaondoka jua likiigusa. Kila mwaka, asubuhi ya kwanza sakitu inapoonekana, hakuna anayengoja kuombwa moto. Mtu huubeba kwa yule aliyekosana naye, akasimama mlangoni na kusema, "Nimeuleta." Wa ndani haulizi ni nini. Hufungua upesi, maana nje ni baridi.