Kontena Tupu na Jedwali la Kyaruzi

Msomee na yule rafiki yako anayependa kusema, "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Palikuwa na fundi wa programu, jina lake Kyaruzi. Yeye, akiwa mkuu wa kundi, na wenzake, kila mtu akiwa kwao, walijitolea kuandika programu huria ya kuwasaidia wauguzi kupima dozi za watoto. Yeyote aliruhusiwa kuongeza kazi yake, lakini Kyaruzi aliweka sheria moja, na ole wako uivunje: kila kazi ijaribiwe kwanza ndani ya kontena, yaani kompyuta tupu iliyofungiwa ndani ya kompyuta, isiyo na faili la mtu yeyote.

"Mapishi uliyoandika yapikwe kwenye jiko la mwenzio," Kyaruzi alipenda kusema. "Huko ndiko utajua kama umesahau kuandika chumvi."

Maneno mazuri, nani angebisha?

Siku tatu kabla programu haijapelekwa zahanati, akaja mgeni, Mwanaidi, muuguzi aliyejifundisha mwenyewe kuandika programu. Akaleta kazi yake ya kwanza. Majaribio yakafeli, kioo cha kompyuta kikajaa rangi nyekundu.

"Dada, umetuharibia," Kyaruzi akaandika mbele ya kundi zima. "Nenda kajifunze kwanza."

Loo! Mwanaidi aliona aibu hadi machozi yakamtoka. Alitaka kujitoa kundini. Lakini kwanza akafuta kila mstari aliouongeza, akaendesha majaribio upya ndani ya kontena. Bado nyekundu.

"Kaka Kyaruzi, samahani," akaandika. "Kazi yangu nimeitoa yote na bado inafeli. Ile sehemu uliyobadilisha juzi, uliijaribu wapi?"

Kyaruzi akaifungua kazi yake ya juzi, akaitazama upya.

Nyani haoni kundule. Kyaruzi aliijaribu kwenye kompyuta yake tu. Mkuu naye apimwe? Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na jedwali la uzito wa watoto alilolihifadhi zamani, akasahau kulituma pamoja na kazi. Bila jedwali hilo, programu ilimpa kila mtoto dozi ya mtu mzima.

Akalituma jedwali mara moja. Akaandika mbele ya watu walewale: "Kosa ni langu. Dada Mwanaidi, nisamehe. Kuanzia leo kazi zangu utazikagua wewe. Kontena likikataa, nawe kataa."

Funzo: Kipimo ulichowawekea wengine, anza kujipima nacho wewe; ukijisamehe, atakayeumia ni mtoto wa mtu usiyemjua.