Mtoto Aliyefika na Asilimia Tatu

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kwenda kuposa, ni zamani ya juzijuzi tu, magari yalipoanza kupanda milima ya Taita bila kunguruma, palikuwa na mkunga mstaafu aliyeitwa Mkawasi. Aliishi Kironge, chini kabisa bondeni. Hospitali iko juu mjini, na barabara ya kwenda huko ni kupanda, ukimaliza kupanda unapanda tena.

Mkawasi alikuwa amezalisha wanawake wa bonde lile kwa miaka thelathini na moja. Kila mtu alimwita Sista. Alipostaafu watu walidhani atafuga kuku na kulala mchana. Yeye akachukua kiinua mgongo chake akanunua gari dogo jeupe la stima, lisilotumia petroli, akaliegesha mbele ya nyumba, akatangaza: "Hili ni la wajawazito. Mwanamke akishikwa na uchungu, aje anigongee, hata kama nakula."

Gari lilikuwa kimya mno. Mbuzi wa Kironge walilala barabarani wasisikie kitu, ikabidi Mkawasi atoe kichwa dirishani na kupaza sauti, "Pisheni, mgonjwa!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini mwaka ule wa kwanza alipandisha wanawake kumi na wanane, na wote kumi na wanane wakarudi na watoto wao. Hapo waliocheka wakaanza kuwafukuza mbuzi wenyewe.

Shida ilikuwa moja: kulishwa kwa gari. Mkawasi alilichomeka kwenye soketi ya jikoni, ileile ya birika la chai. Gari lilikunywa stima siku nzima na bado halijashiba. Asubuhi moja akasikia harufu ya plastiki ikiungua. Kukimbilia jikoni, soketi imeyeyuka na ukuta umepata doa jeusi ukubwa wa sinia. Akaketi kwenye kigoda. "Nilitaka kuwaokoa watu," akasema peke yake, "kumbe nitachoma nyumba." Ndipo akaamua kununua chaja ya kweli, ya kufungwa ukutani.

Habari zikafika kwa watu watatu.

Wa kwanza kuja alikuwa Wakio, binti wa kaka yake, msichana wa miaka ishirini na mitano aliyependa jua kama wengine wanavyopenda harusi. "Shangazi," akasema, "nunua chaja inayofuata jua. Jua likiwaka sana, inavuta sana. Wingu likipita, inapunguza. Gari lako linashinda nyumbani mchana likingoja wagonjwa. Kwa nini lingoje bure?"

"Na paneli nitatoa wapi?"

Wakio akalitazama paa. Alikuwa na paneli nane, alizozinunua kwa jasho la miaka mitatu, za kuendeshea mashine ya kuangulia vifaranga. Mayai mia mbili yalikuwa tayari kwenye trei. "Chukua zangu," akasema. Kesho yake akapanda juu ya paa la shangazi yake akazifunga mwenyewe, pamoja na mashine yake ya kugeuza umeme wa jua, ile isiyolala hata stima ya nguzoni ikikatika. Na yale mayai? Kironge nzima ilikula mayai wiki mbili, ya kuchemsha na ya kukaanga.

Wa pili kuja alikuwa Zighe, wifi yake Mkawasi, mwanamke wa mahesabu, aliyekuwa karani wa ushirika wa mboga. Akatazama paneli juu ya paa, akacheka. "Wifi, hivyo ni vifuniko vya banda la kuku. Mwezi wa kumi na moja mvua zikija, utalisha gari mawingu? Nunua chaja yenye saa. Kuna bei nafuu ya stima kwa wenye magari haya, kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, watu wakiwa wamelala. Chaja inangoja yenyewe saa ile ifike, inaanza, wewe umejifunika blanketi."

"Mita yangu haina mambo hayo."

"Mita nitakuletea mimi."

Zighe akaenda mjini kwenye ofisi ya stima. Akaambiwa fomu zimekwisha. Akaenda tena. Akaambiwa anayehusika yuko likizo. Akaenda mara ya tatu, mvua ikamnyeshea mpaka fomu ikalowa. Mara ya nne akaenda na chakula chake kwenye kontena, akaketi kwenye benchi la ofisi, akasema, "Mimi nipo. Nitakula hapa chakula cha mchana, na cha jioni pia." Kabla hajafungua kontena, Mkawasi akaandikiwa mita mpya.

Sasa Mkawasi alikuwa na jua na alikuwa na saa, na hao wawili hawakuelewana. Wakio alisema stima ya kungoja usiku ni ya wachawi. Zighe alisema jua la Kironge halina mkataba na mtu. Mkawasi akashuka hadi mji wa Voi, akazunguka duka hadi duka, mwisho akapata chaja inayojua yote mawili: mchana inafuata jua, usiku inafuata saa. Akaibeba mapajani njia nzima kama mtoto mchanga.

Wa tatu hakuja, aliitwa. Huyu ni Mghoi, fundi wa stima, mwanamke mwenye uso usiocheka na mikono isiyokosea. Akaifungua chaja, akayasoma maandishi yake yote, akaingia jikoni akalitazama lile doa jeusi ukutani.

"Sifungi," akasema.

"Hufungi vipi, Mghoi?"

"Sista, waya wa nyumba hii ni mwembamba kama tambi. Na waya wa kushusha umeme ardhini hakuna. Radi ikipiga, au stima ikija kwa nguvu, itapita wapi? Itapita kwenye gari. Au itapita kwako. Kwanza nitoe waya mnene kutoka kwenye mita, niweke kinga ya radi, kisha nichimbe mpaka nipate udongo wenye unyevu."

"Itachukua siku ngapi?"

"Mpaka niupate."

Kironge ni mawe. Mghoi akachimba siku moja, akakuta jiwe. Akahama, akachimba, akakuta jiwe. Siku ya tano Wakio akaja: "Fundi, jua linawaka bure." Mghoi akachimba. Siku ya saba Zighe akaja: "Fundi, saa zinapita bure." Mghoi akachimba. Siku ya nane mke wa mwenye kinu akashikwa na uchungu, na gari halikuwa na stima, maana soketi ya jikoni ilishayeyuka. Akapandishwa kwa pikipiki, hawakufika, akajifungua kando ya barabara kwenye shamba la mboga la mtu. Mama na mtoto walikuwa salama, lakini mwanamke yule hakumsalimia tena Mghoi. Mkawasi mwenyewe siku ile hakula. Alisimama ukingoni mwa shimo akasema kwa uchungu, "Ungefunga tu hata kwa muda."

Mghoi hakuinua kichwa. "Sifungi kwa muda," akajibu, na akachimba.

Siku ya tisa akapata udongo mweusi wenye maji. Akapigilia fimbo yake ya shaba, akaunganisha waya, akafunga kinga, akafunga chaja. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Mkawasi akapiga kigelegele, na Mghoi akachukua sururu yake akaenda nyumbani.

Miezi ikapita, gari likishiba mchana na usiku. Kisha zikaja mvua za vuli. Na sasa sikilizeni vizuri.

Mawingu yalifunika Kironge siku sita. Paneli za Wakio zililala. Jioni ya siku ya sita Mkawasi alirudi kutoka kumpandisha mgonjwa, gari likiwa na asilimia kumi tu. Akalichomeka. Saa ya bei nafuu ilipofika chaja ikaanza yenyewe, ikalisha gari mpaka asilimia hamsini na tano. Kabla ya alfajiri mkalitusi ukaangukia nguzo, stima ikapotea bonde zima.

Asilimia hamsini na tano hazifiki mjini. Mkawasi alijua kila kona ya barabara ile na inakunywa kiasi gani: bila themanini, na njia ya tope, unaishia kwenye kona ya mwisho kabla ya hospitali.

Saa nne asubuhi, wingu likapasuka. Jua! Likawaka saa tatu tu, kana kwamba limekuja kuaga. Paneli zikaamka, chaja ikavuta, na gari likapanda: sitini, sabini, themanini na moja. Mkawasi alikuwa uani akianika nguo na kuchungulia namba kila baada ya shati moja.

Saa saba mchana mawingu yakafunga tena, na radi ikapiga. Ilipiga karibu sana hivi kwamba kuku walianguka kutoka viotani. Ikafuata nyaya zile zisizo na stima: kwa jirani wa kulia, jokofu na redio vikaungua. Kwa jirani wa kushoto, mita ilitoa moshi. Kwa Mkawasi, kitu kikalia "tap!" ukutani, chaja ikazima, na kile kisanduku cha kinga alichokifunga Mghoi kikapasuka katikati. Mkawasi akakimbilia gari mvuani, mkono moyoni. Akawasha. Namba ikatokea: themanini na moja.

Saa kumi, mume wa mjamzito mmoja aliyeitwa Saru akaja mbio bila viatu. Hii ndiyo ilikuwa mimba ya kwanza ya Saru, na mtoto alikuwa amelala kikingamo, kichwa ubavuni badala ya chini. Mkawasi alimshika tumbo mara moja tu akajua. Gari la wagonjwa la hospitali lilikuwa upande wa pili wa mlima. Lingefika baada ya saa tatu. "Hatuna saa tatu," akasema. "Pandeni."

Wakapanda. Tope, kona, tope. Saru alikuwa nyuma akimng'ang'ania mumewe shati. "Sista, tutafika?"

"Tutafika. Pumua."

Sabini. Hamsini. Thelathini na mbili. Kwenye kona ya mwisho gari likawasha taa nyekundu, Mkawasi akazima kila kitu kinachozimika, hadi vipangusa vioo, akatoa kichwa dirishani akaendesha mvua ikimpiga usoni. Lango la hospitali likafunguka. Akaangalia namba: asilimia tatu.

Walimpasua Saru papo hapo. Daktari alipotoka alivua kofia, akasema, "Ni msichana, na ana mapafu ya kuuza mitumba. Lakini Sista, nusu saa nyingine, tungewakosa wote wawili." Mkawasi aliketi sakafuni palepale kwenye korido, akacheka na kulia, nguo zake zikitiririka maji.

Kesho yake Saru alimwita kando ya kitanda. "Sista, tumekubaliana na mume wangu. Mtoto huyu tunampa jina la aliyemwokoa. Jina lako hatuwezi. Kwetu wako Mkawasi wanne, ukiita mmoja wanaitika wote. Tumpe jina la aliyelijaza gari lile. Nani alilijaza?"

Mkawasi akageuka nyuma, kwa maana wote watatu walikuwa wamefika kumwona mtoto, na wote watatu walikuwa wamesikia.

Zighe akasema, "Wifi, gari lilikuwa na kumi. Mita niliyoikalia kwenye benchi ndiyo iliyoleta arobaini na tano. Sehemu kubwa kuliko zote ni yangu. Bila mimi, hili jua la saa tatu lingewafikisha wapi? Sokoni."

Wakio akasema, "Shangazi, bila asilimia ishirini na sita za jua, Saru angekwama kwenye tope hata kabla ya kona ya mwisho. Zilizomvusha ni zangu. Na wenzangu walitoa maneno na miguu. Mimi nilitoa mali yangu. Vifaranga mia mbili hawakuzaliwa ili huyu mmoja azaliwe."

Mghoi alikuwa amesimama mlangoni, sururu begani, maana alipitia huko akienda kazini. Mkawasi akamgeukia. "Na wewe?"

"Mimi sikuweka hata asilimia moja," Mghoi akasema. "Lakini hizo zao zote zilipita kwenye waya wangu, na radi ilipokuja kuzichukua, ilikuta mlango mwingine. Ndiyo, mke wa mwenye kinu alizaa njiani kwa sababu yangu. Lile nalikubali. Lingine lolote semeni ninyi."

Saru akamtazama Mkawasi. Zighe akamtazama. Wakio naye akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Mghoi alikuwa na kitu kama tabasamu pembeni mwa mdomo. Mtoto akapiga chafya. Mkawasi alimchukua mikononi, akaona jinsi alivyokunja ngumi, na moyo wake ukamwendea huyu, ukamwendea yule, ukarudi kwa wa kwanza.

Nesi wa zamu akaingia na kitabu cha kuandikisha watoto. Akabonyeza kalamu. "Haya, Sista, foleni ni ndefu. Huyu tumwandike jina gani?"

Mkawasi akafungua mdomo.

Nami naishia hapo, maana kalamu iko juu ya karatasi na ninyi mmesikia kila neno. Zighe aliyetoa sehemu kubwa, Wakio aliyetoa alichokuwa nacho chote, au Mghoi aliyekataa kuharakishwa hata mwingine akazaa njiani? Haya, mwambieni nesi: mtoto aitwe nani?